Kagari Kadogo kwenye Njia ya Sake



Juma lililopita wengi wenu mlitusimamisha sokoni na kuuliza swali moja: "Ni kweli ile Vitz nyekundu ni yenu?" Ni kweli. Ni yetu sisi watatu, ndugu wa tumbo moja, wauza vitenge wa Birere. Na kwa kuwa maneno ya soko yana miguu mingi, tumeona afadhali tuyaeleze wenyewe hapa: jinsi tulivyoinunua, pale tulipokosea, na jinsi ilivyotupeleka mpaka Sake siku ya Mungu iliyopita.

Tuliweka pesa miaka mitatu. Kila siku ya posho, baada ya kufunga duka, kila mmoja alitia chake kwenye kopo, na zamu zetu za likelemba zikaingia humo humo. Shabaha yetu ilikuwa Noah, gari la watu wazima, la kubeba marobota ya vitenge na kukodishwa siku za arusi. Kaka yetu alikuwa amekwisha kutupigia hesabu ya faida yake mwezi kwa mwezi.

Tukaenda kwenye kiwanja cha magari. Noah ilikuwepo, nyeupe, safi. Pembeni yake, karibu na ukuta wa mawe ya volkano, palikuwa na Vitz nyekundu yenye herufi mbili nyuma: RS. Hiyo ni Vitz iliyotengenezwa kwa ajili ya mwenye kupenda kuendesha. Vitz nyingi mnazoziona mjini zina injini ya lita 1 au 1.3, hii ina lita 1.5, gia tano za mkono, na viti vinavyokumbatia mgongo. Ilitoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, ikavuka Tanzania na Rwanda kwa barabara, ikaingilia Grande Barrière. Haikuwa mpya ya kiwandani, lakini kwetu ilikuwa mpya kama mtoto wa jana. Bei yake ilikuwa imeteremka kwa sababu wanunuzi walikuwa wanaiogopa. Iko chini mno, walisema, na siku hizi kila mtu anataka otomatiki.

Mkubwa wetu aliingia, akashika usukani, akawasha. Injini ikanguruma kidogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno la maana. Akatutazama, na tukauona uso wake wa miaka kumi na sita. Tangu afiwe na mume hatukuwa tumeuona uso ule. Sisi wawili tulitazamana, na bei ya Noah hatukuiuliza tena.

Tusifichane: tulisemwa. "Akina mama wazima na gari la mashindano!" Kaka yetu hakuongea nasi siku nne. Majirani walisema tumekula mtaji. Na sisi wenyewe, usiku, tulikuwa tunajitafutia sababu: tutapunguza nauli za motari, tutapeleka watoto shuleni mvua ikinyesha, tutawahi mizigo mpakani. Sababu zote hizo ni za kweli, lakini hakuna iliyotufanya tununue. Tulinunua kwa kuwa lilitufurahisha. Imetuchukua miezi miwili kuweza kulisema neno hilo kwa sauti.

Jambo la pili ni karatasi. Tulipokwenda kuandikisha gari, afisa mmoja alitutazama akauliza, "Mzee yuko wapi?" Wawili kati yetu tuna waume, mmoja ni mjane. Basi wapendwa, shikeni hili. Sheria ya familia ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kwa matendo ya kisheria yanayomfunga. Lakini sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanatakiwa kupatana. Sisi tulipatana nyumbani kabla ya kutoka, chakula kikiwa mezani, na hiyo ndiyo njia ya amani. Karte roze iliandikwa kwa jina la mkubwa wetu, na kati yetu watatu tuliandika karatasi ya mapatano mbele ya mashahidi, kwa kuwa undugu ni mtamu lakini pesa haina undugu.

Sasa kosa letu. Tunakaa Mabanga, na kwa Kilingala mabanga ni mawe. Jina linasema yote. Avenyi yetu haina lami, ina lava. Wiki ya pili, tukitaka kulifikisha gari mlangoni ili majirani walione vizuri, jiwe moja lilipasua sanduku la oili. Mafuta meusi yakamwagika juu ya mawe meusi. Majirani waliliona vizuri kweli. Fundi alichomelea ufa, akafunga bamba la chuma chini ya injini, akatuambia maneno ambayo tungepaswa kuyajua: "Mama, gari hili linataka lami. Msililazimishe." Tangu siku hiyo linalala katika uwanja wa jamaa kando ya barabara kubwa, nasi tunatembea kwa miguu mpaka nyumbani, viatu mkononi mvua ikinyesha. Furaha yetu inaanzia pale lami inapoanzia. Tumekubali.

Siku ya Mungu iliyopita, baada ya ibada, tulimchukua mama yetu mzazi tukaenda Sake.

Wengi wenu mnajua kwamba Kongo tunapita mkono wa kuume, na magari ya Japani yana usukani mkono wa kuume pia. Kwa hiyo dereva wetu anaona majani ya kando vizuri sana, lakini lori lililo mbele linamfunika. Anayekaa kushoto ndiye macho yake. Yeye huchungulia na kusema "Bado" au "Pita sasa." Gari letu haliendeshwi na mtu mmoja. Siku hiyo Mama, na miaka yake sabini na kitu, alikataa kukaa nyuma. Akafunga mkanda, akaweka mkoba magotini, akawa macho.

Tulianzia Birere, tukapanda boulevard Kanyamuhanga polepole, kwa sababu pale motari hutokea pande zote kama sambaza wavuni. Hapo ndipo lava ya Nyiragongo ilipita tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, ikakata mji katikati na kwenda kuzima ziwani. Mji ulijengwa upya juu yake. Ndiyo maana ngazi za nyumba nyingine hazina mwanzo, na ukichimba shimo la choo unakuta jiwe.

Tulizunguka rond-point ya Chukudu, pale sanamu ya dhahabu ya kijana anasukuma chukudu chake. Mita chache mbele tukakutana na chukudu cha kweli, kimepakiwa magunia ya makala, mwenyewe amepiga goti moja juu yake, anateremka. Dereva wapya, sikilizeni: chukudu kilichopakiwa hakisimami ghafula. Breki yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu. Ukiona kinateremka, wewe mwenye injini ndiye unayepisha.

Katindo, Ndosho, halafu Mugunga. Watu wakapungua, nyumba zikaachana, na lami ikanyooka. Hapo mkubwa wetu aliingiza gia ya tatu, kisha ya nne.

Ni vigumu kumweleza asiyewahi kushika usukani. Gari kubwa linakubeba, lakini hili dogo linakusikiliza. Ukigusa usukani kidogo, linakwisha kugeuka. Unapoingia kwenye kona unashusha gia, linashika barabara kama mtoto anavyoshika kitenge cha mama yake, na unapotoka kwenye kona unakanyaga, mgongo unasukumwa kwenye kiti na kicheko kinatoka chenyewe. Hatukukimbia mbio za wazimu. Mshale ulifika 70 tu. Lakini ukiwa umekaa chini karibu na lami, 70 inatosha kuwa upepo.

Palipo mapori ya mbuga ya Virunga, tulipunguza mwendo, kwa sababu ya wanawake wenye kuni mgongoni. Kabla ya kuteremka tunawaonya jambo moja. Upande huo wote, kuanzia Mugunga na Lac Vert mpaka Sake, kuna mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, na inatulia mabondeni, zaidi alfajiri pasipo upepo. Mbuzi hufa humo, na watoto pia. Ukisimamisha gari ili mtoto ajisaidie, simama mahali pa juu penye upepo, na usimruhusu kushuka kwenye shimo.

Kisha Nzulo, na ziwa likafunguka chini yetu. Wote tulinyamaza. Mitumbwi ilikuwa midogo kama mbegu. Mbele kidogo yalionekana mawe meusi ya Nyamulagira, lava ya mwaka 1938 hadi 1940 iliyoteremka mpaka majini, na leo imeota majani.

Ni hapo Mama alisema, "Simama."

Tulidhani anaumwa. Alikuwa anatazama jiwe moja kando ya barabara, bapa kama kiti.

Mnakumbuka wote. Volkano ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, siku ya posho jioni, na lava ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Ardhi iliendelea kutetemeka. Tarehe 27, kabla jua halijapanda, serikali ikatangaza kwamba mitaa kumi ya Goma ihame, na mtaa wetu ulikuwemo. Watu karibu 400,000 wakatoka kwa siku moja hivi. Wengine walikwenda Rwanda, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu, na sisi tukashika njia hii. Magari hayakuwa na nafasi. Tulitembea, watoto watano, godoro moja, sufuria mbili, na Mama mwenye magoti mabovu. Tulipofika kwenye jiwe lile aliketi, akasema, "Niacheni hapa. Pelekeni watoto." Tulikataa, tukambeba kwa zamu. Hatujaongea juu ya siku ile tangu turudi.

Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti chekundu chenye mkanda, dirisha limefunguliwa.

"Hapa ndipo niliwaambia mniache," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Alilitazama jiwe kwa muda. Wanawake wawili wenye mizigo ya ndizi walipita wakatusalimu, akawajibu. Kisha akageuka mbele, akakaza mkanda wake.

"Njia iko wazi," alisema. "Pita. Na usiende kama konokono."

Mkubwa wetu aliingiza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulilia na kucheka pamoja mpaka Sake. Pale tulikula mahindi ya kuchoma, tukanunua fromaji moja ya Masisi iliyoteremka mlimani asubuhi hiyo, tukarudi kabla ya giza. Njiani tuliwachukua wale mama wawili wa ndizi, tuliowakuta wamechoka, mpaka Mugunga. Watu sita na ndizi ndani ya Vitz: hilo si jambo la kusifu, wala polisi wa barabarani wasisome hapa. Lakini mwaka 2021, tulipokuwa na Mama mgongoni, dereva mmoja tusiyemjua alimpakia kwa kilometa tano za mwisho akakataa pesa. Deni la namna hiyo hulipwa kwa mwingine.

Mtuulize sasa, je, faida ya gari iko wapi? Kwenye daftari la duka bado haipo. Noah ingeleta pesa, kaka yetu alisema kweli, na mwenye shida ya karo asifuate mfano wetu. Lakini akina mama tumezoea kununua kila kitu kwa ajili ya mtu mwingine, na kuomba msamaha kwa hata kile kidogo tunachojipatia. Njia ile ile tuliyoikimbia kwa hofu, tumeipita tena kwa kupenda kwetu, katika gari letu, Mama akiwa mbele.

Siku ya posho ijayo, saa tisa mchana, tutakuwa kwenye uwanja ule karibu na duka tunapofanyia mkutano. Anayetaka kujifunza gia za mkono aje na viatu vya chini. Esansi tutachanga. Mama ameahidi kuja, na amekwisha kusema kiti cha mbele ni chake.