Shavu Lililopiga Kama Moyo

Akina mama wenzangu, mtoto akilalamikia jino sisi hatuna maneno mengi. Tunampa maji ya chumvi asukutue, ikishindikana tunampeleka aling'olewe. Nami nilikuwa karibu kufanya hivyo.

Binti yangu alikuwa na miaka 11. Gego la chini lilianza kucheza, na asubuhi mto wake ulikuwa na damu ingawa hakuumia popote. Katika zahanati moja hapa Muleba niliambiwa jino limeoza, nirudi Jumatatu ling'olewe. Nikakubali. Nilikuwa na kahawa ya kuanika, sikutaka mambo marefu.

Jumapili usiku mtoto alilala mapajani mwa mama mkwe. Akaniita: "Mwanangu, njoo ushike. Shavu hili linapiga kama moyo."

Nikaitika kwa adabu, lakini ndani niliudhika. Nilidhani ni yale yale ya wazee. Nikashika. Lilikuwa la moto kuliko la pili, nalo lilidunda chini ya vidole vyangu.

Kulipokucha tulipanda basi kwenda Bukoba. Daktari wa meno akagusa ufizi, akaweka kifaa chake cha kusikilizia shavuni, akanyamaza. Picha ya eksirei ilionyesha taya lina vitundu kama sega la nyuki. Akasema huenda ni kasoro ya mishipa ya damu, ambayo mtu huzaliwa nayo: mishipa itokayo moyoni imeungana moja kwa moja na ile irudishayo damu, humo humo mfupani. Si saratani. Yaweza kukaa kimya miaka mingi, kisha ikaamka msichana anapokaribia kuvunja ungo. Jino lile lingeng'olewa, damu ingemwagika kwa nguvu, na mtoto angeweza kufa pale pale kitini.

"Likitoka lenyewe," alituambia, "lirudisheni shimoni, aume kitambaa safi kwa nguvu, mje mbio." Maneno hayo niliyabeba kama mayai.

Tukapanda meli hadi Mwanza. Bugando walimpiga picha ya CT scan, wakimchoma kwanza dawa ya kuonyesha mishipa, kisha wakatuandikia Muhimbili. Huko, tangu mwaka 2018, madaktari wamekuwa wakifundishwa kutibu kwa mrija mwembamba unaopita ndani ya mishipa yenyewe. Waliuingiza kinenani ukapanda hadi tayani, wakaziba mishipa mibovu. Wakarudia mara ya pili. Ndipo wapasuaji wakalitoa gego na kukwangua mfupa, damu ya akiba ikiwa tayari. Nauli na malazi ya Dar es Salaam vilimla ng'ombe wetu mmoja. Baba yao hakulalamika, ila alinyamaza siku nyingi.

Sasa tunarudi kliniki kila tunapoitwa, maana kasoro hii yaweza kuota tena. Mama mkwe hangoji kliniki. Kila jioni humwita mjukuu wake, humshika shavu kimya, kisha humtuma kuni.