Usimsugue Pua

Hamia kwenye bedsita ukiwa na paka, ndipo utajua kwamba Nairobi nzima ni walimu. Keateka wa ploti yetu ana mbinu. Mama mboga wa pale getini ana mbinu. Jamaa wa gorofa ya pili, ambaye hajawahi kufuga hata kuku, naye ana mbinu. Na zote ni mbinu moja: akichafua nyumba, mshike shingo, mrudishe pale pale, msugue pua kwenye mkojo wake, halafu kofi moja la kumkumbusha.

"Lazima aone aibu," keateka aliniambia. "Mnyama ni kama mtoto. Bila aibu hashiki kitu." Kisha akatoa lile lililomleta mlangoni kwangu: "Na boss, hiyo harufu ikifika kwa korido, landilodi atawahamisha nyote wawili."

Ninaishi kwa vibarua vya kuandika. Mwezi mmoja kodi inalipwa tarehe tano, mwezi mwingine inalipwa kwa maombi. Kwa hivyo suala la mahali paka atakapojisaidia halikuwa mchezo kwangu. Lilikuwa suala la mahali mimi nitakapolala.

Nilianza kwa kujiuliza kitu rahisi: ushago nani aliwahi kumfundisha paka? Kwa mama yangu, paka ni mfanyakazi wa kushika panya. Analala karibu na jiko, mlango unashinda wazi, na nje kuna shamba lote. Anachimba, anajisaidia, anafukia, anaenda zake. Watoto wa paka wakiwa wachanga kabisa, mama yao huwalamba ndipo waweze kujisaidia, na ni yeye anayewasafisha. Wakifika wiki ya tatu au ya nne, wanaanza wenyewe kutafuta kitu cha kuchimba: udongo, jivu, mchanga. Hakuna anayewapiga.

Yaani paka anakuja mjini akijua kazi yake. Sisi ndio tunampandisha gorofa ya nne, tunafunga mlango, tunamwondolea udongo na kumwachia simiti. Akitafuta kitu laini kilichobaki humo ndani, anakuta duveti yako. Halafu tunasema hana adabu.

Mchanga wa paka unaouzwa kwa supamaketi nao ulianza kwa shida kama hii. Mwaka wa 1947, katika jimbo la Michigan kule Marekani, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeitwa Edward Lowe alimpa jirani yake udongo mkavu unaofyonza maji, amwekee paka wake. Jirani akaupenda, akarudi kuomba mwingine. Lowe akautia kwenye mifuko, akauita Kitty Litter, na akatajirika. Mimi nilipoangalia bei ya mfuko mmoja, nikaona paka atakuwa anatumia pesa nyingi chooni kuliko mimi jikoni. Nikachukua ndoo nikaenda kwenye mjengo wa jirani, fundi akanipa mchanga bure. Mjengo ulipoisha nikahamia kwa seremala wa hapo barabarani, ambaye vumbi la mbao kwake ni takataka tu.

Beseni la plastiki, mchanga wa kina cha vidole vitatu hivi, kona tulivu mbali na sahani ya chakula, kwa sababu hata wewe huwezi kula chooni. Kila akiamka na kila akimaliza kula, nilimbeba nikamweka pale. Na kila asubuhi naokota alichoacha. Paka akikuta choo kichafu anatafuta kingine, na hilo sitamlaumu, nimesoma shule za bweni. Tena kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, na vimelea hivyo huchukua siku moja hadi tano kabla viweze kuambukiza. Ukisafisha kila siku, umewawahi. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo kabisa, amwachie mwingine.

Siku ya nne paka alikuwa anaenda mwenyewe. Nilimpa jina Tokeni, kwa sababu alifika usiku ambao stima ilikuwa imeisha.

Habari zikaenea kwamba mimi ni mtaalamu, na tena nashinda nyumbani. Jirani wa chini, anayefanya kazi tauni, akaniachia mbwa wake Bosco, mtoto wa miezi miwili, kwa malipo ya lanchi. Mbwa ni hesabu nyingine. Wafugaji wana kanuni yao: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia angalau mchana. Bosco alikuwa na saa tatu, na hizo ni siku akiwa na bahati. Kumwacha kuanzia saa moja asubuhi hadi jioni na kutarajia sakafu kavu ni sawa na kudai maji yasiteremke mlima. Nilimtoa kila akiamka, kila akila, kila akicheza, kwenye nyasi zile zile kando ya ukuta. Akimaliza tu, sifa na kipande cha mkate papo hapo, maana ukichelewa hata dakika moja hajui tena unamsifia nini. Akikosea ndani, nafuta kimya kimya, bila sabuni yenye amonia, kwa kuwa harufu yake inafanana na ya mkojo na itamwita tena.

Jioni moja mwenyewe alirudi akakuta dimbwi. Bosco akalaza masikio, akajikunja, akageuza macho pembeni. "Unaona?" jirani akasema. "Anajua amekosa!"

Mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka wa 2009. Aliwaweka mbwa katika hali ambayo baadhi walikuwa wamekula kitafunio walichokatazwa na wengine hawakukigusa, kisha baadhi ya wenye mbwa wakaambiwa uongo kuhusu kilichotokea. Ile sura ya hatia haikufuata kosa. Ilifuata karipio. Mbwa asiye na kosa akikaripiwa alionekana mwenye hatia vile vile, hata zaidi. Tunachokiita aibu usoni mwa mbwa ni kutuangalia sisi na kujua kwamba hali ni mbaya.

Nilipomaliza kusoma hayo, sikuwaza mbwa. Niliwaza bweni.

Nilikuwa darasa la tano. Kijana aliyelala chini yangu kwenye deka alikuwa anakojoa kitandani. Metroni alikuwa na utaratibu: waliokojoa wanabeba magodoro yao vichwani, wanazunguka uwanja wakati wa paredi, sisi wengine tukiwa tumepanga foleni. Tulicheka kwa sababu kucheka ndiyo ilikuwa kazi yetu kwenye ile adhabu. Nusu mwaka mzima yule kijana hakujifunza kulala pakavu. Alijifunza vitu vingine. Alijifunza kutokunywa maji baada ya saa kumi, hata kukiwa na jua kali. Alijifunza kuamka saa tisa usiku, kugeuza godoro na kulalia shuka mbichi mpaka ikauke kwa joto la mwili wake. Alijifunza kutopumua kwa sauti.

Mbwa anayepigwa hufanya hivyo hivyo. Haachi kukojoa, maana hawezi. Anajifunza kukojoa nyuma ya kochi, ukiwa huko nje, asikuone.

Nami naijua hiyo nyuma ya kochi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na sababu zake ni zangu na mama yangu. Lakini kila harusi, kila matanga, kuna mjomba atakayenishika shingo kwa upole na kunirudisha pale pale: "Hivi wewe, kile chuo kiliishia wapi?" Miaka minne sasa. Hakuna kozi niliyomaliza kwa sababu ya swali hilo. Nimejua tu ratiba ya matatu ya mwisho kurudi Nairobi kabla wazee hawajamaliza kula.

Mwezi wa pili mwaka huu, Tokeni alikojoa kwenye sinki. Kesho yake kwenye kiatu changu, matone mawili matatu tu. Alikuwa anaingia kwenye beseni, anachuchumaa, anatoka, anarudi, analia. Keateka akasikia kilio akapiga hodi. "Ameshakuwa jeuri huyo. Nilikwambia."

Paka dume anayechuchumaa bila kutoa kitu hana ujeuri. Njia yake ya mkojo inaweza kuwa imeziba, na ikiziba kabisa ana siku moja au mbili kabla sumu ya mwili wake imuue. Nilimtia kwenye begi la laptopu nikapanda boda hadi kwa daktari wa wanyama. Alimpapasa tumbo mara moja tu, akaita msaidizi. Walimlaza, wakapitisha mpira mwembamba, na ule mkojo uliotoka ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nusu ya kodi ilienda hapo. Daktari alisema wengi humletewa wakiwa wamechelewa, kwa sababu mwenye paka alikuwa bado anamwadhibu.

Hilo neno sijalisahau. Bado anamwadhibu. Aibu ina ubaya huu pia: inamziba masikio anayeitoa. Mnyama anakwambia anaumwa kwa lugha pekee aliyo nayo, wewe unasikia matusi.

Wiki jana dada yangu alipiga simu. Mtoto wake, wa miaka minane, anakuja kukaa nami likizo ya Agosti. Akazungukazunguka kwanza, akauliza habari za mvua, mwisho akashusha sauti: "Lakini kaka, ujue bado analowesha kitanda. Babake amechapa mpaka amechoka."

Nikamwambia amlete, na kabla ya hapo ampeleke akaonwe na daktari. Nimeshanunua karatasi ya nailoni ya kuvalisha godoro, na shuka mbili za ziada. Choo kiko mwisho wa korido, mbali kwa mtoto usiku, kwa hivyo ndoo yenye kifuniko itakaa karibu na mlango, na taa ndogo nitaiacha ikiwaka. Akifika nitamwonyesha mambo matatu: soketi ya kuchaji, mahali Tokeni anapolala, na ndoo iko wapi.