Jiwe ndani ya Mvule

Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa seremala mjini Tanga, hakupata kupitisha randa juu ya ubao wa mvule kabla ya kuupeleka mlangoni penye mwanga na kuutazama kama tabibu atazamavyo ulimi wa mgonjwa. Kwani mti ule, ambao hufika hata mita 50 kwa kimo, una tabia ya kuficha mawe ndani ya shina lake, mawe ya chokaa yenye kuvunja meno ya msumeno, na dalili yake aghalabu ni sehemu inayoyazunguka kuwa nyeusi kupita nyingine.

“Mjomba, hapa pana waa,” nilimwambia siku moja ya mwaka 1954, nikijiona mjuzi.

“Usilipitie na randa, mjomba. Nipe patasi kuukuu,” akajibu, akachokoa jiwe lililo kadiri ya kokwa ya embe, akaliweka dirishani pamoja na wenzake.

Mbao zilitoka Muheza, zimepasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenziwe shimoni, vumbi limemjaa machoni. Na vumbi la mvule huwasha ngozi na kumpigisha mtu chafya hata akachoka. Ukiranduliwa sasa hivi huwa wa manjano, ukikaa katika nuru na hewa hugeuka hudhurungi, jambo lililomtia bwana mmoja shaka hata akarudi kudai kuwa kabati lake limebadilishwa. Lakini mchwa hawauwezi, ndiyo sababu milango yetu yote ilikuwa ya mvule.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Mbao zilipungua upana, bei ikapanda, hata miaka ya 1980 karakana ile ile, chini ya binamu yangu, ikawa inafanyia kazi msonobari wa kupandwa wa shamba la miti la Sao Hill, mweupe, mwepesi, usiomtaka fundi kwenda mlangoni. Nilipouliza mbona mvule haupandwi vivyo hivyo, bwana misitu mmoja alinieleza habari ya kidudu kitagacho katika majani machanga ya miche. Hapo hufanyika vivimbe, vikapasuka, chipukizi likaoza.

Juzi mlango wa nyumba yetu ulikuwa ukikwaruza sakafu, nami nikaushusha, nikatwaa randa ya marehemu. Chini ya hudhurungi ya miaka yote ile yalitoka maranda ya manjano, na kabla sijafika nusu ya ukingo nilikuwa nimekwisha kupiga chafya mara tatu.