Jina Lako Halipo Kwenye Jalada



Wengi wenu mmemsikia Glen Campbell redioni, maana muziki wa kantri tunaupenda sana hapa Kenya. Leo nataka umjue Campbell wa kabla ya umaarufu.

Alizaliwa mwaka wa 1936 huko Arkansas, Marekani, katika familia maskini ya watoto 12. Akiwa na miaka minne, baba yake alimnunulia gitaa la dola 5. Mwaka wa 1960 alihamia Los Angeles, akawa mpiga gitaa wa studio. Kazi hiyo ni ya kuitwa, kupiga, kulipwa na kwenda nyumbani. Wimbo unatoka kwa jina la mtu mwingine. Hakujua kusoma nota, lakini sikio lake lilishika. Gitaa lake limo ndani ya "Strangers in the Night" ya Frank Sinatra. Je, ulijua?

Desemba 1964, Brian Wilson wa Beach Boys alishikwa na hofu kali ndani ya ndege, akaacha ziara. Campbell akaitwa kujaza pengo. Kwa miezi kadhaa alipiga gitaa la besi na kuimba sehemu za Brian. Hebu fikiria kusimama pale, na watu wamelipa kumwona mwingine!

Baadaye alipata jina. Pamoja na jina zikaja pombe na kokeini, na ilimchukua miaka mingi kutoka huko.

Mwaka wa 2011 alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer. Hata hivyo alifanya ziara ya kuaga, maonyesho 151, watoto wake watatu wakiwa kwenye bendi. Maneno ya nyimbo aliyasoma kwenye skrini. Lakini vidole vilikuwa bado vinaijua njia.

Mpendwa, vidole hivyo vilifunzwa lini? Vilifunzwa miaka ambayo hakuna aliyepiga makofi.

Nakuandikia wewe unayepanga viti kabla hatujafika. Wewe fundi wa mitambo, ambaye tunakugeukia tu maikrofoni ikilia. Wewe mpiga besi unayewaza kuacha kwa sababu hutajwi. Siwezi kukuahidi kwamba siku moja utatajwa. Campbell alitajwa, wenzake wengi wa studio walizeeka kwanza.

Lakini soma 1 Mambo ya Nyakati 25. Waimbaji wa hekaluni walikuwa 288. Wengi wao hatujui majina yao, ila hesabu iko, hakuna aliyeachwa nje. Anayehesabu hasomi jalada.

Jumapili njoo na gitaa lako. Tutakuhitaji.

Kama kuna mtu anayekuhudumia kimyakimya, mpigie simu leo umshukuru. Kisha andika AMINA.