Mwalimu, Mume Wangu na Vitabu vya Kidato cha Sita

Wenzangu wakifikisha miaka 29 wanafikiria kubadilisha gari au kuongeza mtoto. Mie nilikuwa nafikiria Kidato cha Sita. Nimeolewa, nina binti wa miaka mitatu, nina kazi ya mapokezi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na kila mwaka wananiletea vijana wenye digrii niwaelekeze kazi. Baada ya miezi sita hao hao ndio mabosi wangu. Ukiuliza unaambiwa, "Dada, wewe cheti chako ni cha Kidato cha Nne." Sasa ufanyeje? Uendelee kununa mpaka ustaafu?

Kidato cha Nne nilifaulu vizuri tu. Baba alifariki wiki chache kabla sijaripoti shule niliyopangiwa, nyumbani tuko watano, nikaingia mtaani kutafuta kazi. Bahati nzuri krediti hazichachi. Baraza la Mitihani linataka uwe nazo angalau tatu ndipo likuruhusu kufanya Kidato cha Sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mie nilikuwa nazo za kutosha na chenji inabaki. Nikachagua kombi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, nia yangu ikiwa kusoma sheria. Historia nilijisomea mwenyewe usiku. Kiingereza nakitumia kazini kila siku. Kiswahili ndicho kilichonitoa jasho, na najua unacheka, maana sisi wote tunajiona Kiswahili tumezaliwa nacho.

Ngoja nikueleze. Kiswahili cha ngazi ile kina pepa mbili. Ya kwanza ni lugha, hiyo unaweza kuitafuna. Ya pili ni fasihi, na hapo ndipo penye kasheshe. Ni saa tatu za insha. Swali linakupa dai, halafu linakwambia uthibitishe kwa hoja tatu kutoka kila kitabu. Vitabu vyenyewe, kwa orodha ya wakati wangu, ni kama Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi, Kufikirika na Mapenzi Bora vya Shaaban Robert, Kimbunga cha Haji Gora Haji, Morani cha Emmanuel Mbogo, na Kwenye Ukingo wa Thim cha Ebrahim Hussein. Shoga yangu mmoja kanishauri nitazame filamu ya Vuta N'kuvute, ile iliyotengenezwa mwaka 2021, nimalize kazi. Filamu bomba, nimeitazama mara mbili. Lakini msahihishaji hakuulizi Yasmin alivaa gauni gani.

Nilianzia kwenye kituo cha tuisheni kule Ilala. Chumba kimoja, watu zaidi ya mia, mwalimu kashika kipaza sauti anasoma desa na sisi tunanakili. Dhamira hizi hapa, ujumbe huu hapa, falsafa ya mwandishi hii hapa. Kila kitabu kimefupishwa kurasa nne, na ukitazama kushoto na kulia hakuna hata mmoja aliyebeba kitabu chenyewe. Nikalipa miezi miwili. Nikifunga daftari, kichwani hakuna kitu zaidi ya orodha. Wadogo zangu wa miaka 18 waliokaa pembeni yangu labda wanaweza kukariri vile; mie nikitoka pale nina foleni ya Tabata, kuna mtoto wa kuogesha na kuna ugali wa kusonga.

Mwalimu nilimpata kupitia shangazi yangu wa Magomeni. Kijana wa miaka 35 hivi, anafundisha sekondari mchana, jioni anachukua mwanafunzi mmoja mmoja. Bei yake shilingi 15,000 kwa kipindi cha saa mbili. Vipindi viwili kwa wiki, piga hesabu mwenyewe: 120,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo iliyokuwa saluni yangu, vocha na kitenge. Siku ya kwanza barazani kwa shangazi nikamtolea desa langu lote kwa mbwembwe. Akalipitia, akalifunga, akalikalia. Simaanishi mafumbo, alilikalia kama mkeka.

"Haya," akasema, "umeandika hapa Yasmin ni mwanamke jasiri. Nani kakwambia?"

Nikasema desa.

"Mie sikuoni umemwona jasiri. Ananikimbilia nyumba ya kwanza ameolewa na mzee, sawa. Huo ni ujasiri au ni woga? Nenda kasome tena uje tugombane."

Kugombana ndiyo ilikuwa tuisheni yake. Unaandika aya moja tu, si insha nzima. Sentensi ya kwanza iwe hoja, yaani kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukikataa. Kisha tukio lenyewe kutoka kitabuni, nani alifanya nini na wapi. Halafu, na hapa ndipo wengi tunapokimbia, ueleze tukio hilo linathibitishaje hoja yako. Aliniambia watahiniwa wengi husimulia hadithi wakadhani wamejibu swali. Wiki tatu nzima niliandika aya zile zile na yeye akizikata kwa kalamu nyekundu. Kuna siku nilitaka kulia, mtu mzima mie!

Ikaja zamu ya Mapenzi Bora. Kama hujakisoma, ni utenzi, na mapenzi anayoyasema Shaaban Robert ni mapana kuliko ya mke na mume. Lakini jalada halikuelezi hayo. Mume wangu, Baba Koku, alikuwa anatafuta chaja kwenye mkoba wangu, akakutana na kijitabu kimeandikwa Mapenzi Bora, na ndani mwandiko wa kiume: "Soma mpaka katikati, tutaongea Alhamisi."

We! Sijawahi kuona mtu anakunja sura namna ile. Nikamwambia ni kitabu cha mtihani. Akaniuliza, mtihani wa nini hasa? Nikampa asome. Akasoma beti kama kumi, akanirudishia, akasema kitabu hana tatizo nacho, anataka kumwona Mwalimu. Makubaliano yakawa hivi: tuisheni ihamie nyumbani kwetu Kinyerezi, Jumamosi alasiri, sebuleni, mlango wazi. Akina dada wengine wangeona dharau. Mie nilihesabu nauli niliyookoa.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga, maana Baba Koku ni mhasibu, ukimweka sebuleni saa mbili bila mpira kwenye televisheni lazima atie neno. Na siku hiyo tulikuwa tunaanza Kwenye Ukingo wa Thim.

Tamthiliya ile ilitoka mwaka 1988. Mume ni Mjaluo, mke ni Mkikuyu, mume anafariki na mvutano wa mazishi unaanza kati ya mjane na ndugu. Wasomaji wengi huihusisha na kesi ya kweli ya Kenya, ya wakili S. M. Otieno aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Nairobi, ukoo ukataka kumpeleka nyumbani Siaya. Wakapelekana mahakamani miezi mitano, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki ya kuzika. Mwalimu alitusimulia hayo bila kupanga lolote. Hakujua kwamba kwenye kochi pale kaa Mhaya wa Bukoba na mkewe Mpare wa Same.

"Ukoo ulikuwa sahihi," Baba Koku akasema. "Mtu anazikwa kwao."

Nikamgeukia. Nikamuuliza swali ambalo miaka minne ya ndoa sikuwahi kulitamka: "Wewe ukifa leo, kaka zako watanisikiliza mimi?"

Kimya. Mwalimu akajifanya anatafuta ukurasa.

Alipoondoka, mume wangu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Yaani namlipa mtu aje kukufundisha nife?" Akaongeza kwamba tuisheni imetosha. Tulilala mgongo kwa mgongo siku mbili. Nami sikukubali kuacha, maana ilikuwa Februari, mtihani ni Mei, na pia swali langu lilikuwa halijajibiwa. Kuzikwa akazikwe Bukoba, mie sina ugomvi na kibanja cha babu zake. Ugomvi wangu ulikuwa Kinyerezi. Nyumba ile tumejenga wote, bati na madirisha ni mkopo wangu wa kazini, lakini karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa ina jina la nani? La kaka yake mkubwa, aliyesimamia ununuzi wakati Baba Koku yuko kikazi Mwanza. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni vile tu hakuna aliyewahi kuuliza.

Jumamosi iliyofuata nilimpigia Mwalimu nikamwambia hali ilivyo. Nilidhani atajitoa. Akaniambia, "Basi una bahati. Muulize mumeo sababu zake zote za kuutetea ukoo, uziandike vizuri kama yeye mwenyewe angeziandika. Kisha zijibu. Ukiweza kumjibu yeye, msahihishaji hakusumbui."

Nikamwendea na daftari. Mwanzoni alikataa, baadaye akaanza moja moja: mtoto ajue kaburi la baba yake, ukoo ndio unaobaki watu wakisambaa, mjane naye anaweza kuolewa kwingine. Nilipoandika nikaona si hoja za kijinga, mwenyewe zikanigusa. Nikamjibu kwa maandishi, aya kwa aya, hoja, tukio, maelezo, kama nilivyofundishwa. Akazisoma akiwa kitandani na tochi ya simu. Asubuhi akaniambia aya ya pili imenikalia vibaya, ya tatu hana jibu.

Hilo la tatu lilihusu nyumba.

Machi hiyo tulikwenda kwa kaka yake, tukaandikishiana mauziano upya kwa majina yetu wawili mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ilituchukua Jumamosi mbili na soda nyingi. Kisha Baba Koku akaenda RITA, ambako wanaandika na kuhifadhi wosia, akaandika wake. Aliporudi akaniambia mahali pa kuzikwa ameweka Bukoba. Nikamwambia sawa.

Mei 2023 nikaingia kwenye chumba cha mtihani na watoto wanaoniita anti. Kiswahili 2 nilitumia kila dakika ya zile saa tatu, na kwenye tamthiliya mkono ulikimbia wenyewe. Matokeo yalitoka Julai: Kiswahili B, Historia C, Kiingereza D. Sasa nasoma sheria jioni, na ofisini kijana mpya wa digrii bado wananiletea nimwelekeze.

Kitabu cha Thim hakipo kwangu. Shemeji, yule kaka mkubwa, alikiona mezani Krismasi akakiazima mpaka leo. Juzi kanipigia saa nne usiku. Kuhusu wosia hakutaja neno. Alitaka tu kujua kama kwa maoni yangu Martha alistahili yaliyomkuta, na nilipoanza kumjibu akasema subiri, aende kuwasha taa achukue kalamu.