Niliosha Mizizi, Nikaua Ua

Mpenzi msomaji, leo nataka kukuungamia kosa langu, lisije likawa kosa lako pia.

Nyumbani kwetu, karibu na Muheza, palikuwa na mkwaju mkongwe. Juu ya tawi lake kubwa iliota okidi, ile yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Wataalamu huiita Ansellia africana. Marehemu mama yetu aliipenda mno. Kila ilipochanua alituita watoto sote tuitazame. Baada ya yeye kufariki, mkwaju ule ulikatwa, kwani ulikuwa umeoza ndani na kuielemea nyumba. Mimi nikaomba okidi, iwe ukumbusho wake.

Niliifikisha kwangu nikaiona chafu: mizizi imejaa majani makavu na maganda yaliyooza. Nikaisugua kwa sabuni na brashi mpaka ikang'aa. Kisha nikaipanda katika debe la udongo mweusi na samadi, nikaimwagilia maji asubuhi na jioni. Nani angesema sikuitunza? Baada ya wiki tano ilianza kunuka uozo. Nilipoing'oa, mizizi ilimomonyoka mikononi mwangu. Dada yangu mdogo alikuja, akalitazama debe, akaondoka bila neno. Hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, okidi ya mtini si kupe. Haiunyonyi mti, bali hushika gome tu. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe kama sifongo, ambayo hunywa maji ya mvua upesi, nayo yahitaji hewa. Okidi hii ya chui ina pia mizizi myembamba inayoelekea juu kama sindano, ikafanya kikapu cha kudaka majani yaangukayo. Majani hayo huoza, yakawa chakula chake. Kumbe ule niliouita uchafu ulikuwa ghala!

Tena ghala lile lilikuwa na wafanyakazi. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba mbegu ya okidi, iliyo ndogo kama vumbi na isiyo na akiba ya chakula, haioti porini mpaka kuvu fulani iingie ndani yake na kuilisha. Wataalamu wa baadaye wakakuta wasaidizi wengine: bakteria wanaokaa juu ya ngozi ile ya sifongo na ndani ya mizizi yenyewe. Baadhi yao hutengeneza oksini, kitu kinachohimiza mmea kukua na kutoa mizizi. Wengine hunasa naitrojeni ya hewani. Wengine huyeyusha fosfati ili mmea uipate, na wengine huzuia vijidudu vya kuozesha. Mwaka 2007 wataalamu wa Moscow walieleza jinsi walivyotoa bakteria katika mizizi ya okidi, wakawaweka pamoja na mbegu zake, na baadhi ya bakteria hao wakazisaidia mbegu kuota vizuri zaidi.

Wewe mkulima umeona vinundu kwenye mizizi ya kunde. Humo nako mna bakteria wanaolisha mmea. Okidi haina vinundu, lakini ujirani ni ule ule.

Usidhani bakteria wote ni wema. Wako waozeshao, nao hupenda mahali penye maji yaliyotuama na pasipo hewa. Basi, nilifanya nini? Kwa sabuni niliwafukuza rafiki, na kwa debe langu nikawafungulia adui mlango.

Miezi mingi ikapita. Siku moja dada yangu akanitumia salamu: "Kaka, njoo." Siku ile mkwaju ulipokatwa, yeye aliokota kipande kidogo cha okidi kilichobaki kwenye gome. Hakukiosha. Alikifunga pamoja na gome lake na takataka zake kwenye mwembe wake, kwa kamba ya katani. Nilikuta kimetoa mizizi mipya, myeupe, yenye ncha za kijani. Tulisimama chini ya mwembe ule, tukamtaja mama.

Kwa hiyo nakusihi: usiing'oe okidi porini, kwani zinapungua kwa kuuzwa na kwa kukatwa miti. Mti wako ukianguka nayo, ihamishe pamoja na gome lake, uifunge penye kivuli chepesi na hewa, wala usiifukie udongoni.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba viungo vya mwili vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Mimi fundisho hilo nililisikia kanisani tangu utotoni, lakini nililielewa mbele ya debe lililonuka. Mungu atujalie kuuliza kabla ya kusugua.