Jina la Kumwita

Jumamosi moja, umeme uliporudi baada ya siku tatu, nilimwonyesha mama filamu kwenye kompyuta yangu. Tunakaa Luwowoshi, komini ya Annexe, ambako umeme ukirudi watoto hupiga kelele na kila mtu hukimbilia kuchaji simu. Nilichagua Out of Africa ya Sydney Pollack, ya mwaka 1985, iliyopata tuzo 7 za Oscar. Nilikuwa na sababu yangu. Inasimulia mapenzi ya watu wazima, na mama, mjane wa miaka 52, alikuwa ameanza kutembelewa na mzee mmoja mstaafu wa reli. Nilitumaini filamu itatufungulia mazungumzo ambayo mimi sikuthubutu kuyaanza.

Ilitukatisha tamaa. Karen anaoshwa nywele porini, ndege inapaa juu ya mbuga, muziki unajaa. Lakini anapotaka waishi kama mume na mke, Denys anakataa, na baadaye ndege yake inaanguka. Ni kweli kwamba Denys Finch Hatton alikufa hivyo, huko Voi mwaka 1931, akiwa na miaka 44, naye Karen Blixen alikuwa na 46. Hata hivyo, niliona filamu inakitumia kifo hicho kukwepa swali lake yenyewe: watu hawa wangeishije pamoja wakizeeka? Mama alitikisa kichwa. “Banamuua juu ya nini? Asizeeke?”

Mimi, mwanafunzi wa lugha, nilisikitishwa na jambo lingine pia. Hadithi iko Kenya, lakini Kiswahili kimewekwa pembeni, kwa kazi za shamba na watumishi. Wapenzi wanapendana kwa lugha nyingine. Tena tukio lililonigusa zaidi si lao. Ni mwishoni, Karen anapoondoka na kumwomba Farah, msimamizi wake Msomali, amwite kwa jina lake. Miaka yote alikuwa akimwita “Msabu”, neno lililotokana na “memsahib” ya wakoloni wa Uhindi.

Hapo nikajiona mwenyewe. Darasani tunajifunza kwamba namna ya kumwita mtu huonyesha uhusiano wetu naye. Kwetu mtu mzima haitwi kwa jina tupu: ni baba fulani, mama fulani, kwa jina la mtoto wake. Mama alimwita yule mzee kwa jina la binti yake. Mimi, kwa miezi sita, sikumwita kitu. Nilisema “jambo”, nikainamia simu. Neno lililofaa nililijua tangu utotoni, lakini lilikuwa la marehemu baba yangu, na sikutaka kumpa mtu mwingine.

Jumatatu alikuja na mfuko wa makala begani, maana umeme ulikuwa umekatika tena. Alikaa uani, akapepea mbabula, wakaongea na mama kuhusu bei ya unga na magoti yake yanayomuuma. Mama alicheka mara mbili. Jua lilipokaribia kuzama, alisimama aende kuchota maji.

Nilitoka nje nikashika ndoo. “Baba, lete nikusaidie.”

Alinipa bila kusema neno. Mama alikuwa anasonga bukari. Hakuinua macho, ila mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.